Njumu zimerudi safi: mwanangu anataka kupiga kanuni, mimi nataka mpira

BARUA

Assalaam alaykum, Bi Mshauri.

Mimi ni baba wa watoto watatu, naishi Ng'ambo, Unguja. Ni fundi wa viyoyozi kwenye hoteli za kaskazini, kwa hiyo wiki nzima nalala huko huko kazini. Narudi nyumbani Alkhamis usiku, Jumamosi jioni naondoka tena. Nayasema haya mapema ili uelewe kwa nini Ijumaa kwangu ni siku kubwa.

Mtoto wangu wa kwanza ni wa kiume, ana miaka 13, yuko Kidato cha Kwanza. Tangu ana miaka sita niliona ana mguu wa kushoto ambao mimi mwenyewe sikujaaliwa. Na mimi si mtazamaji tu. Nimecheza madaraja ya chini hapa hapa mpaka goti likanitoa. Mwaka 1995, Zanzibar ilipochukua Kombe la CECAFA kule Uganda, nilikuwa na umri kama wake huyu. Tulisikiliza kwa redio ya jirani, baraza imejaa watu, na usiku ule nililala nikijua nitakuwa nani. Sikuwa. Basi nikasema, huyu atakuwa.

Mwaka jana nikamtia kwenye akademi. Ada ni Sh30,000 kwa mwezi, na mwaka huu nimelipa kwa mkupuo mpaka Disemba ili nipunguziwe. Njumu Sh65,000. Mazoezi ni siku sita kwa wiki, kuanzia saa 10 alasiri mpaka karibu na magharibi. Siku nyingine anakwenda mwenyewe akitoka chuoni (madrasa), lakini Ijumaa nampeleka mimi. Nakaa pembeni mwa uwanja mpaka wamalize, tukirudi tunapitia urojo, tunazungumza mpira njia nzima. Ndiyo siku yetu. Hata nyumbani ukuta wa uani umejaa alama za mpira. Mdogo wake wa kike, ana miaka 10, ndiye anayemrudishia mipira, na siku hizi kazirithi njumu zake za zamani.

Aprili, masika yameshika, hoteli ikafungwa kwa msimu wa mvua nikarudi nyumbani Jumatano bila kutarajiwa. Jioni kijana akaingia na begi lake. Nikalifungua nitoe njumu nizioshe, maana uwanja wao ukinyeshewa ni tope tupu. Njumu zilikuwa safi. Hata kamba zilikuwa zimefungwa vile vile nilivyozifunga mimi Ijumaa iliyopita.

Sikusema kitu. Siku ya pili nikamfuata kwa mbali. Nilimkuta Mji Mkongwe, amekaa kwenye baraza chini ya dirisha la klabu moja ya taarab wanapofanyia mazoezi. Begi la njumu amelikalia. Vidole vyake viwili vya shahada vinachezacheza juu ya mapaja kufuata kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarab, inayopigwa ndani. Walinzi na wauza kahawa wa pale wote wanamjua. Baadaye nikaambiwa kuna mzee mpiga kanuni anayemwita ndani na kumwachia aguse. Na si wiki moja wala mbili, ni tangu Februari.

Nilipomuuliza akaniambia hataki tena mpira, anataka kujifunza kanuni. Akasema kwa heshima, macho chini, lakini akasema. Kilichoniuma zaidi ni kwamba mke wangu alikuwa anajua. Anasema alikuwa anatafuta siku nzuri ya kuniambia. Mama yangu, tunayekaa naye, kasema "kwetu hakuna mpiga ngoma", ingawa redio yake usiku taarab ikipigwa haizimwi. Ustadhi wake wa chuoni sijamgusia kabisa, najua atasema nini.

Mimi si adui wa muziki. Lakini naijua harusi inamalizika saa ngapi, na nawajua vijana waliopotelea huko. Tena huyu si mara yake ya kwanza: akiwa na miaka tisa alitaka karate, baada ya mihula miwili akaacha. Kisha ikawa kuchora, nikanunua rangi, zikakauka kwenye kopo. Nikimkubalia kanuni leo, kesho ataniletea fidla, keshokutwa sijui nini. Kocha wake naye anasema kijana ana mguu ila hana roho. Akikosea pasi humzungusha uwanja raundi kumi ili apate hiyo roho.

Nimlazimishe amalize mwaka niliokwishaulipia? Nimwachie? Nikimwachia, sitakuwa nimeshindwa kumlea? Mke wangu anasema nimwache mtoto achague. Mtoto wa miaka 13 anajua nini cha kuchagua?

Baba wa Ng'ambo

JIBU

Wa alaykum salaam, ndugu yangu.

Barua yako ina mambo kadhaa yaliyobebana, na tukiyachanganya tutamwadhibu mtoto kwa jambo moja kwa sababu ya jingine. Kuna kanuni aliyoichagua. Kuna uongo wa tangu Februari. Kuna ada iliyokwishalipwa. Kuna mkeo, aliyejua nawe hujui. Na kuna Ijumaa. Hii ya mwisho hukuileta kama tatizo, umeitaja tu njiani, lakini nadhani ndiyo inayokuuma kuliko hizo Sh65,000 za njumu.

Nianze na uongo, kwa sababu wazee wengi hapo ndipo mazungumzo yanapoanzia na ndipo yanapofia. Kijana amekudanganya, na ni haki yako kumtaka maelezo. Ila tazama alikuwa wapi wakati anakudanganya. Watoto wa rika lake wakitegea mazoezi, mara nyingi utawaokota Forodhani wanajirusha majini, au wamejikunja mahali na simu. Wako alikuwa amekaa chini ya dirisha, peke yake, mvua za masika, anasikiliza watu wazima wakifanya mazoezi. Simtetei. Nakuomba umuulize alikuwa anaogopa nini hasa. Kupigwa? Kukuudhi? Au aliogopa kwamba akisema hataki mpira, Ijumaa nayo itaondoka? Majibu haya matatu hayafanani hata kidogo, na kila moja linataka baba wa aina yake.

Umesema ni tangu Februari. Februari ndio mwezi wa Sauti za Busara, tamasha linalofanyika Mji Mkongwe tangu 2004, na watoto wengi wa mjini hulisikia kutoka nje hata kama hawana tiketi. Pengine ndipo alipoisikia kanuni, pengine sipo kabisa. Muulize. Utashangaa jinsi mtoto anavyofunguka ukimuuliza aliisikia wapi mara ya kwanza, kuliko ukimuuliza kwa nini alikudanganya.

Sasa hili la kwamba haanzi jambo akalimaliza. Karate akiwa na miaka tisa, rangi baadaye, leo mpira. Wewe unaona mtoto asiye na msimamo. Mimi naona ushahidi wako haujatimia. Hukuniambia nani alitaka karate mwanzo, yeye au rafiki zake. Hukuniambia kwa nini aliacha. Umri wa miaka tisa hadi kumi na nne ni umri wa kuonja onja, na mtoto aliyeonja vitu viwili akaviacha hajawa mtoro wa maisha. Na mpira hauwezi kuuhesabu pamoja na vile viwili, kwa sababu kwa maelezo yako mwenyewe mpira ulimchagulia wewe. Kanuni je? Kuanzia Februari hadi Aprili hakuna aliyemlipia, hakuna aliyempeleka, hakuna aliyemsifu, na kila siku alikuwa anabeba hatari ya kukamatwa. Hiyo ni subira ya namna fulani. Haithibitishi kwamba mwakani atakuwa bado anaitaka. Inaonyesha tu kwamba hapa kuna kitu ambacho kwenye karate labda hakikuwepo.

Halafu naona neno "kupotea" limekaa ndani ya barua yako bila kuhojiwa. Ungemfuata ndani ya klabu ukaangalia kanuni inavyotayarishwa kabla ya kupigwa, nadhani lingekulegea kidogo. Nyuzi zake ni zaidi ya sabini, zimepangwa tatu tatu kwa kila sauti, na mpigaji huanza kwa kuzikaza na kuzilegeza mpaka zote tatu ziseme kitu kimoja. Amevaa pete kwenye vidole vya shahada, kila pete imebana kijiti cha kukwanyulia. Ndiyo maana ulimwona mwanao anachezesha vidole vile viwili tu. Pembeni kuna vijisu vidogo vya kupandisha na kushusha sauti kwa vipande ambavyo sikio lisilozoea halivisikii, na vyote hivyo vinageuzwa kwa mkono wa kushoto huku wimbo unaendelea. Mtoto mvivu haichagui kanuni. Angechagua dumbaki, ile ngoma ndogo, na hata dumbaki ina wenyewe.

Mama yako amesema kwenu hakuna mpiga ngoma. Inawezekana kabisa. Lakini mji wenu unao, tena wenye heshima zao. Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, ndiye aliyemtuma Mohamed bin Ibrahim kwenda Misri kujifunza kanuni. Klabu ya taarab ya Nadi Ikhwan Safaa imeanza 1905 na ipo mpaka leo. Klabu nyingine, Culture Musical Club, ni ya 1958. Na tangu 2002 kuna Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa hapo hapo Mji Mkongwe ili ala hizi zifundishwe darasani, kwa ratiba na kwa mwalimu anayejulikana. Hili la mwisho nalitaja kwa sababu linahusu hofu yako ya harusi za usiku. Kujifunza ala na kupiga kwenye harusi ni mambo mawili. Mtoto wa miaka 13 anaweza kujifunza alasiri na akawa nyumbani kabla ya isha, kama alivyokuwa anarudi kutoka mazoezini.

Kuhusu dini sitakuvisha kilemba cha mtu mwingine. Mimi si shekhe, na unajua kuwa wanazuoni wametofautiana juu ya ala za muziki tangu zamani. Wako wanaokataza, wako wanaoruhusu kwa masharti. Ikiwa moyo wako unapata shida hapo, hiyo ni sababu halali ya baba, usione haya kuisema waziwazi. Lakini isiwe ni sababu unayoiazima kwa kuwa ile ya kweli ni ngumu kuitamka. Umesema unajua ustadhi atasema nini. Nenda ukamuulize, bila kijana. Pengine atasema ulilotarajia, pengine atakuuliza tu kama anahudhuria na kama anaswali. Kisha kijana naye asikie jibu hilo kutoka kwako kama lilivyo, lisiongezwe wala lisipunguzwe.

Na riziki? Wewe unafanya kazi hotelini. Unawaona wapiga taarab wanaoletwa usiku wa chakula cha wageni, na unajua nani kati yao ana kazi nyingine mchana. Ni wengi. Muziki haumhakikishii mtu mkate. Mpira nao haumhakikishii. Goti lako limekwishakueleza hilo vizuri kuliko ninavyoweza mimi. Kwa hiyo nakuomba tuiondoe riziki mezani, kwa pande zote mbili. Ana miaka 13. Kinachotafutwa saa 10 alasiri ni mahali pa kukulia. Riziki yake kwa sasa iko kwenye madaftari, na mtihani wa Kidato cha Pili hauko mbali.

Kabla hatujafika kwenye nini cha kufanya, kuna mstari mmoja wa barua yako nimeurudia. Kocha humzungusha raundi kumi akikosea pasi, na husema hana roho. Huenda ni kocha mzuri mwenye mdomo mkali, wapo. Lakini inawezekana pia kwamba kijana hakuikimbilia kanuni kwanza. Aliukimbia uwanja, na miguu ikamfikisha chini ya dirisha lile. Ukimwacha aende kwenye muziki bila kujua kilichomtoa kwenye mpira, kuna siku mwalimu wa muziki atamkaripia naye atahama tena, na wewe utasema "nilijua". Muulize kuhusu uwanjani kama mtu anayetaka kujua, maana wewe mwenyewe umecheza na unawajua makocha. Kaka zake wa timu wanamwitaje? Siku gani alianza kuchoka? Akikwambia ni kocha, huenda unachohitaji ni kubadilisha timu. Akikwambia hakuna aliyemfanya lolote, mpira wenyewe umeisha tu moyoni, mwamini. Hilo nalo hutokea kwa watoto wenye vipaji.

Tuziangalie njia ulizonazo. Ya kwanza ni kumlazimisha amalize mwaka. Faida yake haipuuzwi: ada haipotei, na anajifunza kwamba ahadi hutimizwa. Ila jiulize ahadi ile ilikuwa ya nani. Hukuandika kwamba ulipolipa mpaka Disemba ulimuuliza. Hatari yake ni kwamba utampata mwili tu. Na mtoto ambaye amekwishajua njia ya kwenda mjini na kurudi na begi, anaijua bado. Tofauti ni kwamba safari hii ataziloweka njumu.

Ya pili ni kumwachia moja kwa moja, kama anavyosema mama yake. Mtoto atafurahi, na huenda ukafungua mlango mkubwa kati yenu. Lakini liko neno la kuangalia hapa. Baba akisema "haya, fanya utakalo" kwa sauti ya mtu aliyeumia, mtoto hasikii ruhusa, anasikia kuachwa. Na kama baada ya miezi miwili nyuzi zitamshinda, atashindwa hata kukwambia, kwa kuwa kanuni aliinunua kwa bei ya baba.

Ya tatu, ambayo naona wazazi wengi huikimbilia, ni kumwambia afanye vyote viwili. Nimejaribu kuipanga siku yake kwa karatasi kutokana na ulichonieleza. Skuli asubuhi, chuoni mchana, saa 10 uwanjani, magharibi, isha, madaftari. Kanuni itaingia wapi? Itakula usingizi au itakula chuoni, na ikigusa chuoni mama yako ndiye atakayekuwa na neno la mwisho nyumbani humo. Vyote viwili vinawezekana tu ikiwa mpira utapungua, uwe siku mbili tatu. Na hili si geni. Madaktari wa watoto wa Marekani, kupitia chama chao cha American Academy of Pediatrics, walishauri mwaka 2016 kwamba ni vyema mtoto asifungwe kwenye mchezo mmoja mpaka afikie walau miaka 15 au 16, apate siku moja au mbili za kupumzika kila wiki, na kwa mwaka mzima apumzike na mchezo huo jumla ya miezi mitatu, mwezi mmoja mmoja. Walikuwa wanazungumzia magoti, vifundo, na kuchoka roho. Siku sita kwa wiki mwaka mzima kwa mtoto wa miaka 13 ni nyingi hata kwa anayeupenda mpira kufa.

Ndiyo maana iko njia ya nne, nayo inaanza na hayo mapumziko. Mnaweza kukubaliana mwezi mmoja bila mpira, si adhabu wala talaka. Katika mwezi huo ajaribu kanuni mahali panapojulikana, kwa siku na saa zinazojulikana, na masharti yasiyojadiliwa: swala, chuoni, skuli, na kurudi kabla ya isha. Mwezi ukiisha mkae chini. Usinunue ala, ni ghali na wengi huanza kwa kutumia ya mwalimu au ya klabu. Usilipie kwa mkupuo pia, hata kama kuna punguzo! Hatari ya njia hii ni moja: kama moyoni umekwishaamua kwamba mwezi ukiisha atarudi uwanjani, basi hujampa jaribio, umempa likizo, na ataligundua hilo mapema kuliko unavyodhani.

Sikuchagulii. Wewe ndiye unayemjua, na wewe ndiye utakayekuwepo Alkhamis usiku.

Kuna jambo moja tu ambalo sitalizunguka. Yule mzee mpiga kanuni anayemwita mwanao ndani. Sina sababu ya kumdhania ubaya. Inaelekea ni mtu aliyefurahi kuona mtoto wa siku hizi anaitaka ala ambayo vijana wengi wanaipita. Lakini mwanao amekuwa akiingia kwenye nyumba ya watu wazima, wiki baada ya wiki, na baba yake hajui. Nenda ukamsalimie mzee huyo. Jitambulishe. Ujue ni nani, ni nani wengine huwepo, milango huwa wazi au imefungwa. Haya haya uliyafanya kwa akademi? Wazazi wengi humkagua mwalimu wa muziki kwa darubini na kocha wakampa mtoto mzima mzima, kwa sababu tu uwanja uko nje na una jua.

Kuhusu mkeo. Umeumia kwamba alijua, na nafasi ya kuumia unayo. Lakini alikuwa na wewe siku mbili kwa wiki, na moja ya siku hizo ulikuwa uwanjani na kijana, una furaha. Siku nzuri ya kukwambia ingekuwa ipi? Msilizungumze hilo mbele ya watoto wala mbele ya mama. Na kijana asiambiwe "mama yako ndiye aliyekuharibu", maana hapo atajifunza kuchagua upande, kitu ambacho hana haja nacho.

Sasa nirudi kwenye Ijumaa. Umeandika "ndiyo siku yetu", na ukaeleza mpaka urojo. Nadhani swali lako la kwamba utakuwa umeshindwa kumlea linatoka hapo. Wewe ni baba wa siku mbili, na katika siku hizo mpira ndio uliokuwa unawaweka pamoja bila kutafuta la kusema. Mpira ukiondoka mtazungumza nini njiani? Hofu hiyo ni ya kweli, wala usiifiche nyuma ya ada. Mwambie. "Nikikosa kukupeleka uwanjani sijui tutakutana wapi." Mtoto wa miaka 13 anaweza kulibeba neno hilo, asiloweza kulibeba ni ndoto ya 1995, kwa sababu hakuwepo kwenye baraza ile. Na hakuna aliyesema urojo ni wa wacheza mpira. Ijumaa inayokuja anaweza kukuongoza yeye, akuonyeshe hilo dirisha, nawe ukae naye nje hata nusu saa. Huhitaji kuupenda muziki. Muulize tu ile sauti inayotangulia ni ipi, na kwa nini yule wa fidla anamsubiri. Huenda kwa mara ya kwanza akawa yeye ndiye anayejua na wewe ndiye unayeuliza.

La mwisho ni ada. Nenda kwa wenye akademi ukawaeleze. Wengine hurudisha sehemu, wengine hukubali miezi iliyobaki itumiwe na ndugu. Nasema ndugu kwa sababu yuko mtu katika barua yako uliyempa mstari mmoja tu: yule wa miaka 10 anayerudisha mipira uani akiwa na njumu za kaka yake. Mwaka 2022 wasichana wa Tanzania wa chini ya miaka 17, Serengeti Girls, walifika robo fainali ya Kombe la Dunia kule India, kwa hiyo usiseme hakuna njia. Lakini tafadhali usimgeuze kuwa mchezaji wa akiba wa ndoto hii, kwamba huyu kakataa basi aingie huyu. Labda anapenda mpira. Labda anapenda tu kuwa na kaka yake uani, na kaka akianza kwenda mjini na kanuni naye atazivua zile njumu. Ukienda kuuliza habari ya ada, uliza pia kama wana kikosi cha wasichana na wanafanya mazoezi saa ngapi. Yeye, muulize kabla hujaenda.